Bunduki Njiani

Wengi hujifunza kulenga shabaha. Wachache hujifunza kuchukua bunduki. Lakini mwindaji hupiga mara chache tu, naye huichukua bunduki tangu alfajiri hata jioni. Kwa hiyo twawakumbusha wasomaji wetu, wazee na vijana, mambo manne.

Kwanza, mdomo wa bunduki usimwelekee mtu kamwe, hata ukiambiwa kwamba haina risasi. Mkifuatana njiani, wa mbele aelekeze mdomo mbele, wa mwisho auelekeze nyuma. Wa katikati achukue bunduki tupu. Kidole kisiguse kifyatulio ila wakati wa kupiga.

Pili, kabla ya kuvuka mto juu ya gogo, au kupanda baiskeli, ifungue bunduki, utoe risasi, uzitie mfukoni. Usitegemee kizuizi chake peke yake: katika bunduki nyingi chafunga kifyatulio tu, nayo ikianguka kwa kishindo yaweza kulia.

Tatu, ukianguka, toa risasi kwanza, kisha chungulia mtutu kwa upande wa nyuma. Tope kidogo likiuziba, mtutu waweza kupasuka mkononi mwako.

Nne, risasi zisiingie kijijini ndani ya bunduki. Mtoto akiiona ukutani hujaribu yale aliyomwona baba akiyafanya.

Wengine husema: tukitoa risasi kila mara, mnyama atatukimbia. Ni kweli, pengine atakimbia. Kesho tutamfuata mwingine. Bali ndugu aliyepigwa, tutamfuata wapi?