Askari na Mji wa Mawe

Sehemu kubwa ya kazi ya ulinzi ni kungoja. Askari aliyepangwa Karusandara, katika tambarare ya Wilaya ya Kasese, au mwenziwe aliye Bwera karibu na mpaka wa Mpondwe, hukesha saa nyingi pasipo jambo lolote kutokea. Na hivyo ndivyo inavyotakiwa, kwa kuwa usiku usio na tukio ni dalili ya ulinzi imara. Lakini zamu ikiisha, saa za mapumziko nazo zataka kutumiwa vema. Wengine huzimaliza kwa pombe, wengine kwa karata, na wengine kwa simu zao. Sisi leo twapenda kuwasifia ndugu zetu askari na polisi kitu kingine: kitabu cha hadithi, na hasa hadithi ya mji uliofichika.

Wapo watakaotucheka. Watasema kwamba habari za majini na miji ya ajabu ni za watoto jioni penye moto, na kwamba mtu aliyekabidhiwa bunduki hana budi kusoma sheria na kanuni tu. Sheria na kanuni zisomwe, hilo hatulipingi hata kidogo. Hata hivyo twaomba wenzetu hao watupe subira, tuwaeleze habari ya kitabu kimoja.

Marehemu Shaaban Robert, aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, alikuwa mtumishi wa serikali kwa muda mrefu wa maisha yake, na kwa miaka mingi alikuwa karani wa forodha. Mwaka 1952 kilitoka kitabu chake kiitwacho Adili na Nduguze. Kisa chake chaanza kwa jambo ambalo kila mtumishi wa umma analijua: kodi imechelewa. Mfalme Rai wa nchi ya Ughaibuni, mpenda wanyama mashuhuri, anamtuma mjumbe wake Ikibali kwa Adili, liwali wa Janibu, kwenda kuitafuta. Usiku, mjumbe yule anaona kwa siri jambo la kutisha. Liwali mwema, anayesifiwa na raia wote, anawapiga mijeledi manyani wawili waliofungwa, kisha anawalisha kwa huruma.

Hapo msomaji hawezi tena kukiweka kitabu chini. Yatakapofunuliwa, atajua kwamba manyani wale ni Hasidi na Mansuri, ndugu wa damu wa Adili. Walimtosa baharini kwa wivu, na Huria, binti wa kijini aliyekuwa na deni la wema kwa Adili, akawageuza wanyama. Tena ni Huria huyo huyo aliyemwamrisha Adili kuwapiga kila usiku, atake asitake.

Lakini kwetu sisi, utamu wa kitabu upo katika safari iliyotangulia maafa hayo, Adili alipofika katika mji ambao watu wake wote wamegeuka mawe. Nyumba zipo, watu wapo, lakini hakuna pumzi. Katika kimya hicho yumo msichana mmoja tu aliye hai, Mwelekevu. Msomaji wa Alfu Lela Ulela ataona kwamba asili ya kisa hiki ipo katika hekaya zile za kale za Waarabu. Hilo halikipunguzii kitabu thamani yake, kwani Shaaban Robert alikivika Kiswahili kilichokatwa na kushonwa kwa kipimo chake mwenyewe.

Askari wa Kasese ana bahati ya kukisoma kitabu hicho mahali panapokifaa. Juu ya kichwa chake imesimama Rwenzori, yenye kilele cha mita 5,109, na siku nyingi haionekani kwa sababu ya mawingu. Mgeni aweza kukaa siku kadhaa akadhani kule hakuna kitu. Msafara wa Stanley uliiona theluji yake mwaka 1888 na Ulaya ikapigiwa mbiu, hali Wakonzo walikuwa wakiijua tangu zamani, na kusimulia habari za Kitasamba, mwenye makao yake katika theluji hiyo. Kwa hiyo habari ya mji uliofichika haiwezi kuwa ngeni kwa mtu alindaye chini ya mlima huo.

Sasa tumtazame Ikibali kwa macho ya kazi. Ameona mkubwa akipiga viumbe waliofungwa. Ushahidi anao, tena wa macho yake mwenyewe. Je, anamkamata Adili papo hapo? La. Anapeleka habari kwa mfalme. Mfalme naye anamwita mtuhumiwa na kumsikiliza mpaka mwisho. Kwa kumsikiliza ndipo kweli inapojulikana, na mfalme anawaombea ndugu wale kwa Huria mpaka wanarudishiwa umbo la binadamu. Lau Ikibali angehukumu kwa alichokiona tu, mtu mwema angeangamia, na wakosaji wangebaki manyani daima. Somo hilo laweza kutolewa darasani, na huenda likasahauliwa kesho yake. Lililoingia moyoni kwa njia ya furaha hukaa.

Waandishi wa nchi nyingine nao wamelitambua jambo hili. Mwaka 2009 Mwingereza China Miéville alitoa riwaya iitwayo The City & the City. Mhusika wake mkuu ni afisa wa upelelezi, na miji yake miwili imekaa mahali pamoja. Wakazi wa kila mji wamefunzwa tangu utoto kutowaona wa mji wa pili, hata wakipishana nao njiani. Kosa kubwa huko ni kumwona usiyeruhusiwa kumwona. Twauliza: je, ni lazima kwenda nchi ya kubuni ili kuwakuta watu wasioonekana? Mwanamke mwenye kikapu anayevuka mpaka wa Mpondwe, kijana asiye na hati, mvuvi wa ziwa George: mara ngapi hupita mbele ya askari, naye akaona mzigo tu, au kosa tu, asimwone mtu?

Lipo na jambo la lugha. Nchini Uganda Kiswahili kimekuwa lugha ya majeshi tangu enzi za ukoloni. Mwaka 1973 kilitangazwa kuwa lugha ya taifa, na mwaka 2005 Katiba ikakipa nafasi ya lugha rasmi ya pili. Lakini katika miaka ya 1970 raia wengi walikisikia vizuizini, kikiwa amri na vitisho, na watu wazima hawajasahau. Heshima ya lugha hiyo hairudishwi kwa tangazo peke yake. Itarudi raia atakaposikia kinywani mwa askari Kiswahili chenye «tafadhali», chenye subira, chenye kuuliza kabla ya kuamuru. Lugha ya namna hiyo haipatikani gwaridani. Imehifadhiwa vitabuni, na Adili na Nduguze ni ghala lake mojawapo.

Kwa hiyo twatoa mwito kwa wakuu wa kambi na vituo. Kila lindo, hata lile la mbali, liwe na sanduku dogo la vitabu vya hadithi vya Kiswahili, na askari akikutwa anasoma wakati wa mapumziko, asidhihakiwe. Gharama yake ni ndogo. Nanyi ndugu zetu mlio Karusandara, msingoje sanduku hilo lifike. Mwenye kitabu na asome, akimaliza ampe mwenziwe wa zamu ifuatayo.