“Bibi amelala” haimtoshi mtoto

Mtoto akirudi kutoka mazikoni na kuuliza bibi yuko wapi, wazazi wengi hujibu haraka, “Amelala,” kisha hubadili mazungumzo. Usiku mtoto huyo anaogopa kufumba macho.

Korogwe na Handeni kuna habari nzuri zaidi ya kumsimulia. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza mwaka 1914, misheni ya UMCA ya Magila, yenye vituo Korogwe na Kideleko, ilikuwa ya Waingereza ndani ya koloni la Wajerumani. Wamisionari Wazungu waliwekwa kizuizini. Walimu Waafrika nao walishukiwa kuwa wapelelezi, wakakamatwa. Wengine walipelekwa bara wakiwa wafungwa, na wapo waliofia huko. Waingereza waliingia Korogwe na Handeni Juni 1916, Wabelgiji wakaiteka Tabora Septemba. Lakini mfungwa hakuijua tarehe hiyo mapema. Mwalimu aliyewafundisha watoto habari za ufufuo sasa ilimbidi aushike mwenyewe, bila kujua kama ataiona nyumba yake tena. (Katekisimu haimpimi mtu hivyo.)

Basi mwambieni mtoto ukweli: bibi amekufa, mwili wake uko kaburini, na tunaamini atafufuliwa kwa kuwa Kristo alifufuka. Msimkataze kulia. Yesu alimlilia Lazaro, naye alijua atamfufua. Akiuliza ni lini, mjibuni kwamba siku hiyo hakuna aijuaye.