Arobaini ya Watu Wazima

Waswahili tunazijua arobaini zetu: mzazi hukaa ndani siku arobaini, na za mwizi nazo ni arobaini. Wapimaji wa chanjo ya homa ya mafua wana arobaini yao, na toleo hili la jarida letu limeandaliwa kuihoji.

Kipimo chenyewe hakina miujiza. Damu ya aliyechanjwa huachwa igande, majimaji yanayobaki juu yakachukuliwa na kuzimuliwa kwenye vishimo vya kibao cha plastiki, kila kishimo nusu ya ukali wa kilichotangulia: mara 10, mara 20, mara 40, mara 80. Hutiwa virusi, kisha chembe nyekundu za damu ya kuku au ya bata mzinga. Virusi vikiwa huru, huzishika chembe hizo zikatandazika kama mkeka. Vikiwa vimefungwa na kingamwili, chembe huteremka zikatulia chini kama kifungo chekundu. Kifungo kikionekana mpaka kishimo cha 40, aliyechanjwa huandikwa kuwa ana kinga.

Arobaini hiyo ina asili yake. Mwaka 1972 mtafiti Hobson na wenzake, huko Uingereza, walichapisha matokeo ya watu wazima waliojitolea kuambukizwa. Kingamwili za kiasi cha karibu na hapo ziliendana na kinga ya asilimia 50. Kwa mazoea, mstari ukachorwa kwenye 40, na watoto wakapimwa kwa mstari huohuo.

Mwaka 2011 mtafiti Black na wenzake waliwatazama watoto wa chini ya miaka 6. Kwao, 40 iliendana na kinga ya asilimia 22 tu. Kuifikia asilimia 50 kulihitaji 110, na asilimia 80 kulihitaji 330.

Tofauti hiyo ina sababu: mtu mzima amekwisha kuugua mafua mara nyingi. Sindano humkumbusha tu. Mtoto mdogo huenda hana cha kukumbuka, ndiyo maana mtoto wa chini ya miaka 9 anayechanjwa kwa mara ya kwanza hupewa dozi mbili, wiki nne zikipita katikati. Kijana wa miaka 15 yuko karibu zaidi na baba yake kuliko na mdogo wake. Anayemchanganya kijana na mdogo wake kwenye wastani mmoja amewaficha wote wawili.

Na kosa la kutegemea arobaini hukata kuwili. Chanjo ya kupuliza puani, ambayo Uingereza ilianza kuwapa watoto mwaka 2013, inaweza kumkinga mtoto huku ikiongeza kingamwili chache tu katika damu. Kwa kibao peke yake, sindano ingepita kwa urahisi na hiyo ya pua ingeanguka bila haki.

Jambo hili si la Ulaya peke yake. Mwaka 2016 kamati ya kitaifa ya ushauri wa chanjo nchini Kenya ilipendekeza watoto wa miezi 6 hadi 23 wachanjwe. Hao ndio ambao arobaini inasema machache zaidi kuwahusu.

Kwa hiyo, msomaji, kila jedwali la toleo hili liulize mambo mawili: watoto hawa ni wa umri gani hasa, na je, walifuatiliwa msimu mzima kuona nani aliugua, au walitolewa damu wakaruhusiwa kwenda zao? Makala zilizoshindwa kujibu tumezirudisha kwa waandishi wake.