Mapiko: Mchezo wa Sura za Kuazima

Ulimwengu wa leo unaisifu michezo ya intaneti kama World of Warcraft, uliotolewa mwaka 2004, ambamo watu wengi huazima sura za majitu na wachawi, wakacheza pamoja. Wamakonde wa Mtwara, na ndugu zao wa ng'ambo ya Ruvuma, wana mchezo mkongwe zaidi wa sura za kuazima, nao ni mapiko.

Mchezaji hufunikwa nguo mwili mzima, akavikwa kichwani kinyago cha mti mwepesi, akachungulia kwa mdomo wa kinyago hicho. Ngoma ikimwita, hana budi kuijibu bila kukosea mdundo. Nguvu ya mapiko ni kwamba hata mkubwa aogopwaye, tangu mkoloni hadi jumbe, huigizwa hadharani akachekwa.

Dosari nayo ipo, tena si ndogo. Kwa muda mrefu wanawake na watoto waliambiwa aliyemo ndani ni mzimu, na hofu hiyo ikawa fimbo ya wanaume. Siri ya namna hiyo haistahili kulindwa kwa jina la mila. Ati ngoma itakufa wanawake wakijua? Wengi wanajua siku nyingi. Wamenyamaza kwa heshima tu.

La kuhofiwa ni kinyago kutengwa na ngoma. Kimoja kiliibwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1984, kikaonekana Geneva, kikarejeshwa mwaka 2010. Hiyo ni haki iliyotendeka. Lakini kinyago kilichomo kabatini hakimchekeshi mtu wala hakimwigizi mkubwa yeyote. Wachongaji bado wapo. Wanaotakiwa ni wapiga ngoma wa kuwafundisha vijana, wa kiume na wa kike.