Baba Anapokwenda Kucheza Gofu Jangwani

Mwenzetu mmoja alitujia akifurahi: mumewe, mwenye shinikizo la damu, amealikwa kucheza gofu Dubai mwezi wa Julai. Tulifurahi naye, lakini kama wauguzi tulikuwa na neno.

Dubai mwezi huo joto hupita nyuzi 40, na mashimo 18 huchukua kama saa 4. Basi baba aombe nafasi ya alfajiri, apande kigari, avae kofia pana, na anywe maji kabla ya kusikia kiu. Vidonge vingine vya presha huongeza mkojo na kuukausha mwili. Asiviache mwenyewe, amwone daktari kabla ya safari.

Mwenzake wa kucheza naye aambiwe, kwani anayezidiwa na joto mara nyingi hajitambui. Akianza kupayuka au kupepesuka, apelekwe kivulini, amwagiwe maji na kupepewa, na gari la wagonjwa liitwe mara moja.

Waume zetu huona haya kuacha mchezo mbele ya wenyeji. Mama, mwambie kwa upole kabla hajaondoka: mashimo 9 yanatosha. Nyumbani tunamngoja yeye, si kikombe.