Picha Yako Ni Mizani Yako



Wazee wetu walisema: "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Lakini siku hizi hata kizuri chatembezwa. Chapita katika simu kutoka Butembo hata Beni, mwendo wa kilometa hamsini na zaidi, wala mwenye mali hajainuka kitini. Fundi wa kushona, muuza sabuni, mkulima wa viazi wa Lubero, wote waweza kuonyesha kazi yao kwa WhatsApp au Facebook pasipo kulipa kodi ya duka. Ni jambo jema. Tangu mauaji yalipoanza upande wa Beni mwezi wa Oktoba 2014, jamaa nyingi zimeacha mashamba yao na kukimbilia mjini. Mtu asiye na shamba wala duka, akiwa na simu, aweza kuanza tena kwa kidogo.

Sasa sikilizeni kisa cha fundi mmoja wa cherehani.

Mama huyu wa Butembo alitaka wanunuzi wengi kwa upesi. Akachukua katika intaneti picha ya gauni jeupe la Komunyo ya kwanza, lenye lesi nzuri, lililoshonwa ng'ambo. Akaisambaza kana kwamba ni kazi ya mikono yake. Mama mmoja wa Beni akaiona, akapendezwa, akatuma fedha kwa simu. Siku mbili kabla ya sikukuu gauni likafika: kitambaa chepesi, mikono mifupi, na lesi hakuna. Mtoto akalia sana. Mama yake hakumtukana mtu. Alituma tu picha mbili kwa wenzake wa kwaya, ile ya kwanza na ile ya gauni lililofika. Tangu siku ile fundi hakupata tena kazi kutoka Beni.

Angeweza kubadili jina na namba ya simu, kama wafanyavyo wengine. Lakini dhamiri haikumpa usingizi. Alikumbuka mafundisho ya katekisimu, kwamba aliyevunja amri ya saba hatoshelezi kwa kujuta tu. Yampasa kurudisha kilicho cha mwenzake. Akarudisha fedha yote, hata ile aliyokuwa amekwisha kununulia kitambaa. Kisha akaandika mahali pale pale alipotangaza kwamba picha ile haikuwa kazi yake, akaomba radhi. Baadaye akashona gauni jingine, akalipiga picha karibu na dirisha, mbele, nyuma na pindoni, akaandika bei, aina ya kitambaa, na siku ngapi mnunuzi atangoje. Wanunuzi walirudi mmoja mmoja. Wengine hawakurudi.

Ndugu zangu, Maandiko Matakatifu yanahukumu mizani ya udanganyifu. Sokoni mnunuzi hushika kitambaa, hunusa sabuni, hugeuza kiazi aone kama kimeoza. Katika simu hawezi kushika wala kunusa. Anategemea picha uliyompa na maneno uliyoandika. Basi picha hiyo ndiyo mizani yako, na anayeipotosha ni sawa na yule anayeweka kidole chini ya kibaba.

Mji wa Butembo wajua thamani ya kuaminiwa. Wafanya biashara wake wamesifiwa kwa desturi ya kushirikiana kuagiza bidhaa Dubai na China, wakijaza kontena moja watu kadhaa. Hawangaliweza kufanya hivyo kama neno la mtu lisingalikuwa na uzito. Mwenye meza moja ya sabuni naye anahitaji mali hiyo hiyo, yaani kuaminiwa.

Kwa hiyo shikeni haya. Piga picha ya kitu ulicho nacho, mchana, pasipo kukipamba kwa uwongo. Andika bei wazi, kwa faranga au kwa dola, ili mtu asisumbuke kuuliza. Akiuliza, mjibu kwa adabu, hata asiponunua. Kitu kikiisha, sema kimeisha. Usitume tangazo lako mara kumi kwa siku katika kundi la parokia au la wazazi wa shule, maana watu walikusanyika pale kwa shughuli nyingine. Tena hesabu fedha ya intaneti pamoja na gharama zako, usije ukala mtaji kwa kutazama michezo.

Na busara ilinde nyumba yako. Usionyeshe fedha, wala mlango wa kwako, wala nyuso za watoto. Usitangaze siku na njia utakayosafirisha mali. Barabara zetu zimekwisha kumwaga damu ya kutosha.

Tena simu inayobeba tangazo ndiyo inayobeba uvumi. Tulijionea wenyewe wakati wa Ebola, tangu Agosti 2018 hata Juni 2020, jinsi habari za uwongo zilivyowafanya watu wawakimbie waganga. Mwuzaji anayesambaza uvumi leo, nani atamsadiki kesho akisema asali yake ni safi?

Nanyi wanafunzi, mnaojua simu kuliko wazazi wenu, wasaidieni mama zenu kupiga picha na kuandika bila makosa. Mtakatifu Carlo Acutis, kijana wa Italia aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15, alitumia ujuzi wake wa kompyuta kueneza habari za miujiza ya Ekaristi. Papa Leo XIV alimtangaza mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025. Chombo hiki basi si cha shetani wala si cha malaika. Hufuata moyo wa anayekishika.

Jioni ya leo, baada ya sala ya jamaa, fungueni simu mtazame matangazo yenu pamoja. Mkiona picha moja isiyosema kweli, ifuteni kabla ya kulala.