Chombo cha Angani si Sitiari Tu

Katika semina moja ya uzamili niliwasilisha pendekezo la kulinganisha riwaya ya Kiswahili na riwaya ya Kimarekani inayohusu safari ya angani. Nilipomaliza, mmoja wa waliohudhuria aliniuliza swali lililoufanya ukumbi mzima uangue kicheko: Mswahili amekwenda lini mwezini hata aandike habari zake? Nilicheka nami, maana heshima ya mahali ilinilazimu. Hata hivyo, swali hilo limenikaa kooni mithili ya mwiba wa samaki, na makala haya ni jaribio la kuutoa.

Nianze na tarehe. Mnamo 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya kujitawala, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilikuwa setilaiti ya kwanza iliyotengwa mahususi kwa uchunguzi wa miali ya eksirei itokayo angani, nayo ikapewa jina Uhuru kwa heshima ya siku hiyo. Mswahili mwenyewe hakwenda, naam, lakini neno lake lilikwenda, tena liliondokea kwao Pwani. Mwaka huohuo Philip K. Dick alichapisha A Maze of Death, riwaya iliyonitia mashakani ukumbini. Tukiazima neno la marehemu Kezilahabi, tungeiita Mzingile wa Mauti.

Kisa chenyewe ni hiki. Watu kumi na wanne wanapelekwa kuishi katika sayari iitwayo Delmak-O. Vyombo vilivyowafikisha huko vina uwezo wa kwenda tu, si wa kurudi. Hakuna ajuaye ameitiwa nini, na ujumbe uliotarajiwa kuwafafanulia jambo hilo unafutika kabla hawajausikia. Kisha wanaanza kufa mmoja mmoja, baadhi yao kwa mikono ya wenzao. Msomaji hudhani ameshika riwaya ya upelelezi hadi anapokaribia mwisho, pale pazia linapofunuliwa: Delmak-O haipo. Hawa ni wahudumu wa chombo kiitwacho Persus 9, kilichoharibika na kubaki kikiizunguka nyota iliyokufa, bila njia ya kurejea wala ya kuita msaada. Ili wasirukwe na akili, hujiunganisha na tarakilishi ya chombo na kuingia pamoja katika ulimwengu inaowaundia. Ndio huo tunaouita leo uhalisia pepe.

Kilichonishika si kitendawili chenyewe bali uteguzi wake. Watu hawa wangeweza kujiundia dunia yoyote. Wangeweza kuamka kila siku kando ya mto, au katika kijiji walichozaliwa. Badala yake wanaingia usingizini na kuuana. Chuki waliyolimbikiziana katika vyumba vile finyu inawafuata ndani ya ndoto. Mashine imewapa mandhari tu, visu wamekuja navyo wenyewe. Wanapozinduka wanatazamana kwa haya, kila mmoja akijua mwenzake alimtenda nini, kisha wanajiandaa kuingia tena, kwa kuwa kukaa macho ni kubaya zaidi.

Sasa nitajaribu kukisia jinsi tungeifundisha riwaya hii. Chombo kingekuwa dola, tarakilishi ingekuwa propaganda, nyota iliyokufa ingekuwa ubepari unaokata roho, na kabla kipindi hakijaisha tungekuwa tumekwishaifunga safari yote katika jedwali la ishara. Sisemi haya kwa dhihaka. Hivyo ndivyo tulivyoisoma Walenisi ya Katama Mkangi iliyotoka mwaka 1995. Dzombo anahukumiwa kifo, anatiwa katika chombo cha kumpeleka angani akafie huko, naye anatua katika nchi ya usawa ambayo jina lake, likikatwa vipande, linasema wale ni sisi. Sote tumeandika insha kuhusu usawa huo, na tulikuwa na haki, kwani mwandishi mwenyewe aliwahi kutiwa kizuizini mwaka 1986, na siasa yake haikufichika. Lakini ni nani kati yetu aliyeandika hata aya moja kuhusu Dzombo akiwa bado ndani ya chombo? Mlango umefungwa, hakuna shahidi, na kinachomsubiri nje ni weusi mtupu. Tunairuka hali hiyo tukikimbilia maana yake.

Nashikilia kwamba hali hiyo ni maana tosha. Kati ya Juni 2010 na Novemba 2011, wanaume sita walifungiwa siku 520 katika chombo cha kuigiza jijini Moscow ili ijulikane binadamu atahimili vipi safari ya kwenda Mirihi na kurudi. Hawakuinuka ardhini hata shubiri moja, lakini kufungiwa kwao kulikuwa kwa kweli. Watu wanaotayarisha safari kama hizo wanauliza swali lilelile la Dick: msafiri asiyeweza kugeuza chombo apewe nini cha kuona? Kwa lugha gani? Fasihi isiyoweza kulikabili swali hili moja kwa moja itabaki kulitafsiri kuwa habari za rais na mawaziri.

Riwaya hii ina dosari zake. Wahusika wengi ni wembamba, na wanawake hasa wamechorwa kwa wino wa ubahili. Isitoshe, kumalizia kisa kwa kusema kumbe ilikuwa ndoto ni hila ambayo msimulizi yeyote wa ngano angeionea aibu. Kinachomwokoa Dick ni kwamba hakuishia hapo. Seth Morley, akiwa macho kabisa katika ushoroba wa chombo, anatokewa na Mwombezi, mungu ambaye wenzake walimbuni na kumlisha tarakilishi kama sehemu ya mchezo. Mwombezi anamchukua. Wengine wanarudi kwenye ndoto, na Morley hayumo.

Kuna sehemu moja ambayo imenikosesha usingizi. Huko Delmak-O wahusika wanafika kwenye jengo lenye neno juu ya mlango, na kila mmoja anasoma neno tofauti, kulingana na kinachomsumbua au anachokitamani. Kwa Kiingereza maneno yale hufanana miisho. Nilipoanza kuitafsiri sura hiyo nilidhani nitakwama, kumbe kiambishi chetu cha mahali kilikuwa kikinisubiri: mmoja anasoma Vileoni, wa pili Vichekoni, wa tatu Viinimachoni, na yule mwenye hofu anasoma Vifoni. Bao moja, mlango mmoja, na umbo la neno halibadiliki machoni isipokuwa katikati. Sidhani kama Dick mwenyewe alipata ulinganifu wa namna hiyo.

Nimekwama kwa Morley tu. Vileoni linamfaa pale mlangoni, lakini mtu ambaye mwishowe anaomba ageuzwe mmea wa jangwani, uote jua na kulala huku ukijitambua, nahisi alisoma neno jingine. Mwenye pendekezo anitafute maktabani, ghorofa ya pili, karibu na rafu ya ushairi.